Wafadhili, tuiteni kabla bajeti haijafungwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wafadhili wanaotoa fedha za miradi ya watu wenye ulemavu katika mitaa ya watu wa kipato cha chini hapa Dar es Salaam, na mashirika yanayoandika maandiko ya kuomba fedha hizo, na maofisa wa halmashauri wanaoipokea miradi kwa niaba yetu. Ombi langu ni moja: tuiteni kabla bajeti haijafungwa. Mkituita baada ya hapo, hata mkitukalisha meza ya mbele, kinachobaki kwetu ni kupiga makofi na kusaini karatasi ya mahudhurio.

Mimi ni fundi baiskeli Manzese. Polio ilinipata nikiwa mtoto na natembea kwa gongo. Kibanda changu kipo ndani kidogo kutoka Barabara ya Morogoro, upande wa kituo cha mwendokasi cha Argentina. Tangu bodaboda zijae, baiskeli za kawaida zimepungua sana, na sehemu kubwa ya kazi yangu sasa ni viti mwendo na zile baiskeli za magurudumu matatu za kuzungusha kwa mikono. Zinatoka hapa hapa, zinatoka Tandale, Mburahati, Mabibo, Kigogo. Nyingi zina stika ya mradi, bendera ya nchi iliyotoa fedha, na mwaka wa kukabidhiwa. Nikizipindua ili nifungue gurudumu, naona mradi ulifikiria nini na ulisahau nini.

Acha nianze na viti, maana ndicho ninachokijua kwa mikono.

Kiti kinachogawiwa mara nyingi ni kile cha kukunja, cha hospitali: magurudumu mawili makubwa nyuma, mawili madogo mbele yenye mpira mgumu, na kikalio cha kitambaa cha plastiki. Kwenye sakafu ya wodi kinakwenda vizuri. Manzese njia zetu za ndani ni mchanga, kifusi, na mitaro ambayo mifuniko yake imevunjika au imechukuliwa. Gurudumu dogo likiingia mchangani linazama, kiti kinasimama ghafla, na aliyekikalia anatupwa mbele. Masika yakija, maji machafu yanaingia kwenye beringi, kutu inaanza, na kabla ya vuli gurudumu la mbele limeganda. Tairi la nyuma ni la inchi 24, tena jembamba. Maduka ya vipuri ya hapa na ya Kariakoo yamejaa tairi na tubu za saizi 26 na 28, kwa sababu hizo ndizo baiskeli zinazotembea nchini. Tubu ya kiti ikipasuka, familia inazunguka maduka mpaka inachoka. Kiti kinaegeshwa uani, kuku wanalala juu yake, na mwenye kiti anarudi kukaa kitandani mchana kutwa.

Sidhani aliyenunua viti hivyo alikuwa na nia mbaya. Alichagua kwenye katalogi, kwa bei iliyoingia kwenye bajeti, akapata idadi nzuri ya kuweka kwenye ripoti. Lakini kama angekaa kibandani kwangu asubuhi moja kabla ya kuagiza, mimi na wateja wangu tungemweleza mambo ambayo hayamo kwenye katalogi. Tungemwambia achukue kiti chenye fremu ndefu na gurudumu moja kubwa mbele, mbali na miguu, linalopanda juu ya mchanga badala ya kuchimba. Viti vya namna hiyo vipo, vinatengenezwa kwa ajili ya ardhi kama yetu. Tungemwambia gurudumu la nyuma liwe la saizi 26, na beringi ziwe zile zile za bodaboda, ambazo zinauzwa kila kona mpaka saa nne usiku. Tungemwambia apime kwanza mlango wa choo cha uani katika nyumba za kupanga, kwa sababu wengi wetu kiti kinatufikisha mlangoni tu, halafu tunashuka na kutambaa kwenye sakafu yenye maji.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utoaji wa viti mwendo vya kusukuma kwa mikono katika mazingira yenye uwezo mdogo, mwaka 2008. Mwongozo ule una hatua nane, kuanzia kumpokea mtu na kumpima, kumchagulia kiti, kukirekebisha kilingane na mwili wake, kumfundisha kukitumia, mpaka kumfuatilia na kukitengeneza kinapoharibika. Kule Moshi kuna chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa 1981 kwa msaada wa Wajerumani, ambacho kimefundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi wa nchi nyingi za Afrika. Huo nao ulikuwa msaada wa mfadhili, na mpaka leo unazaa, kwa sababu kilicholetwa kilikuwa ujuzi na ujuzi huo ukabaki mikononi mwa watu wa hapa. Kwa hiyo maarifa yapo na mwongozo upo. Lakini kwenye ugawaji ninaoushuhudia mitaani, hatua nane zinafupishwa kuwa mbili: orodha ya majina na siku ya kukabidhi.

Gharama ya kufupisha huko inalipwa na mwili wa mtu. Namjua kijana wa bodaboda aliyevunjika uti wa mgongo. Alipewa kiti siku ya mkusanyiko mkubwa, kiti hakina mto. Mtu asiyehisi kuanzia kiunoni hajui kama amekaa vibaya, hawashwi, haumwi. Ngozi ya makalio ikakosa damu, kikaanza kidonda, kikachimba kuelekea mfupani. Alilazwa muda mrefu. Mto unaofaa, na mtu wa kumfundisha kujiinua kwa mikono kila baada ya muda, vingemwepusha na yote hayo. Namjua pia mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyekabidhiwa kiti cha mtu mzima kwa kuwa ndicho kilichobaki kwenye lori. Mtoto anapotea ndani ya kiti, shingo inaangukia upande, mama anamfunga kwa kanga kifuani asiteleze. Akinyweshwa uji katika mkao ule anapaliwa, na uji unaweza kuingia mapafuni. Mama yule aliona tangu siku ile kwamba kiti hakimfai mwanawe. Alisema. Aliambiwa achukue tu, jina limeshaandikwa.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Nadhani watu wengi wema wanatutendea kwa kufuata methali hiyo bila kujua: wanaona shida, wanaleta kitu, kuuliza kunaonekana kama kuchelewesha huruma. Mimi si mgonjwa. Nina kazi, nina familia, nalipa kodi ya chumba na ushuru wa kibanda. Mama wa mtoto yule hana ugonjwa wowote, na kuhusu mkao na kula kwa mtoto wake anajua kuliko mtaalamu yeyote atakayeshuka kwenye gari kwa nusu saa. Sisi tunapaswa kuulizwa uji, na chumvi, na kikombe.

Najua nitajibiwa kwamba tunaulizwa, maana vikao vya wadau vipo. Vipo, na nimealikwa kwenye baadhi. Kimoja kilifanyika ukumbi wa ghorofani, na lifti haikufanya kazi siku ile. Watu wazima, wengine wana wajukuu, walibebwa mgongoni na walinzi mbele ya wapita njia. Viziwi walikuwepo, mkalimani wa lugha ya alama hakuwepo. Mwenzetu mmoja akawa anawaandikia kwenye daftari sentensi moja kwa kila tano zilizosemwa. Wasioona walisikia mara kwa mara "kama mnavyoona kwenye chati hii". Malengo ya mradi yalikuwa yameshachapwa kwa rangi. Idadi ya walengwa ilishajazwa. Vifaa vilishatajwa kwa aina na bei. Tulipoinua mikono na kueleza habari za mchanga, na vyoo, na vipuri, tulishukuriwa sana na kuambiwa kwamba maoni yetu yatazingatiwa katika awamu ya pili. Tukala chakula cha mchana, tukapewa nauli, tukapiga picha ya pamoja. Awamu ya pili haikuja. Lakini nina hakika kwamba katika ripoti iliyokwenda kwa mfadhili, siku ile ilihesabiwa kuwa ni ushirikishwaji.

Tena walioalikwa ni akina nani? Ukiangalia kwa makini, sura ni zile zile: anayesikika vizuri, anayejua kuandika barua pepe, mwenye simu kubwa, anayeishi karibu na lami. Mimi mwenyewe ninaalikwa kwa sababu kibanda changu kinaonekana. Watu wenye ulemavu wa akili sijawahi kuwaona kwenye vikao hivyo, na wala wazazi wao. Akina mama wanaolea watoto wenye ulemavu mkubwa hawaji kwa sababu nyepesi kabisa: hakuna wa kuwashikia mtoto. Wengi waliachwa na waume zao mara mtoto alipozaliwa, wanauza maandazi au wanafua nguo za watu huku mtoto amelala chumbani na mlango umefungwa kwa nje. Mwaliko unaosema "fika saa mbili kamili" kwa mama huyo ni sawa na kutomwalika.

Na wapo wadau ambao hata sisi tunasahau kuwataja. Mwenye nyumba, kwa mfano. Manzese tulio wengi ni wapangaji, tena wa chumba kimoja. Uliwahi kuja mradi wa kurekebisha vyoo vya uani viwe na mlango mpana, sehemu ya kukalia na vyuma vya kushikilia. Wazo zuri, kazi nzuri ya simenti. Hakuna aliyekaa na wenye nyumba wakaandikishana lolote. Choo kikapendeza, na katika nyumba moja ninayoifahamu kodi ikapanda kabla mwaka haujaisha, mpangaji mwenye ulemavu aliyekuwa sababu ya choo kile akashindwa, akahamia kwingine ambako choo ni shimo na gunia. Mjumbe wa mtaa angeulizwa, angeshauri mkataba wa kutopandisha kodi kwa muda fulani. Angeulizwa yule mpangaji, naye angesema hivyo hivyo. Ni mazungumzo ya jioni moja.

Dereva wa bajaji ni mdau, kondakta wa daladala ni mdau, mwenye genge aliyesogeza meza zake mpaka katikati ya njia ni mdau. Vituo vya mwendokasi vilivyoanza kazi Mei 2016, kwa mradi uliopata fedha za Benki ya Dunia, vilijengwa vikiwa na njia za mteremko, na mlango wa basi ukiwa usawa na jukwaa. Mtu wa kiti mwendo akishafika pale kituoni anaweza kuingia ndani ya basi kwa heshima yake. Kazi iliyobaki ni kutoka chumbani mpaka kituoni, na hiyo haiwezi kupangwa na mhandisi peke yake. Inahitaji watu wa njia ile wakae pamoja waseme ni mtaro upi ufunikwe kwanza na ni meza ya nani irudi nyuma.

Haya ninayoomba si hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 4, kifungu cha 3, inazitaka nchi zishauriane kwa karibu na watu wenye ulemavu, wakiwemo watoto, kupitia vyama vyao, katika maamuzi yanayowahusu. Ibara ya 32 inahusu ushirikiano wa kimataifa, yaani hizi fedha za wafadhili, na inataka programu zake ziwajumuishe na ziweze kufikiwa nao. Kisha Bunge letu likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ambayo inaweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia mtaani na kijijini kwenda juu. Kamati ya mtaa ndiyo mlango. Ipo kisheria, haihitaji kuanzishwa upya na kila mradi. Lakini kila mradi unapokuja unaunda kamati yake, na fulana zake, na mwenyekiti wake, na mradi ukiisha kamati inakufa pamoja na kumbukumbu zote za nani alipata nini. Mradi unaofuata unaanza kuandikisha majina upya. Baadhi yetu tumeandikishwa na miradi mingi kuliko tulivyopata huduma.

Sensa ya 2022 ilionesha kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka saba na zaidi wana aina fulani ya ulemavu. Jiji hili lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 5.3. Hatuwezi kuwa kundi la kutafutwa kwa siku mbili na kijana mwenye kishikwambi. Orodha sahihi ya mtaa inaweza kutunzwa na kamati ya mtaa, ikasahihishwa mtu akihama au akifariki, na mradi wowote ukaja kuisoma pale ilipo kwa ridhaa ya wahusika.

Na tukisikilizwa mambo hubadilika, huo ni ushahidi na si matumaini. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mbili kati ya hizo kumi ni kwa ajili yetu. Mwanzoni ilibidi tuunde kikundi ndipo tukope. Tukasema kwamba mtaa mmoja unaweza usiwe na watu wenye ulemavu wa kutosha wanaofanya biashara inayofanana, na kwamba kumlazimisha fundi viatu, muuza mkaa na mshonaji wawe kikundi ni kuwatafutia ugomvi. Kanuni zikarekebishwa, mtu mmoja mwenye ulemavu akaruhusiwa kukopa peke yake. Mikopo ilisimamishwa 2023, baadaye ikarejeshwa, na matatizo yake mengine yapo, siyaingii leo. Ninachotaka kionekane ni kwamba sharti lile lilibadilika kwa sababu walioumia nalo walipewa mahali pa kusema wakati kanuni bado zinaweza kuandikwa upya.

Nina mfano mwingine wa karibu zaidi, nao ndio unaonipa nguvu ya kuandika barua hii. Lilikuja shirika dogo, fedha zake ni za nje, likiwa na mpango wa kuwapa vyerehani akina mama wenye watoto wenye mtindio wa ubongo. Ofisa wake, binti mmoja mpole, kabla ya kununua chochote alikwenda kwa akina mama nyumba kwa nyumba, jioni, wakati wamerudi. Alikaa kwenye vigoda akawauliza cherehani itawasaidiaje. Wakamwambia ukweli: cherehani itakaa chumbani, kwa sababu mikono yao imeshikwa na mtoto. Walichohitaji ni mahali pa kumwacha mtoto mchana, kwa mtu anayejua kumlisha na kumgeuza. Binti yule akarudi kwa wakubwa wake, sijui walibishana kiasi gani, lakini mpango ulibadilika. Wakapanga vyumba viwili na ukumbi, wakawalipa akina mama wawili wenye uzoefu wawe walezi, na fundi akawafundisha wazazi kutengeneza viti vya kona na vibao vya kusimamia kwa maboksi ya karatasi na gundi ya unga. Viti hivyo vikikauka vinakuwa vigumu, vinakatwa kwa kipimo cha mtoto mwenyewe, na mtoto akikua unatengeneza kingine kwa maboksi ya dukani. Mimi nilifunga magurudumu kwenye vingine. Watoto walioletwa wamelala wakaanza kukaa, na wakikaa wanaona, na wakiona wanacheka na wenzao. Mama mmoja alirudi kuuza samaki Soko la Feri. Fedha za mfadhili zimekwisha sasa, wazazi wanachangishana kodi ya pango na kuna miezi inayowashinda, na hilo linaniuma. Lakini mahali pale bado panafunguliwa asubuhi. Sijaona vyerehani vya mradi wowote vikidumu kiasi hicho.

Naelewa pia shida ya upande wa pili. Binti yule alinieleza kwamba tangazo la fedha hutoka na wiki chache tu za kuandika andiko, kwamba fomu inataka idadi ya walengwa na orodha ya vifaa kabla mtu hajapata hata nauli ya kuja Manzese, na kwamba ukishaandika viti mia ukanunua sitini vizuri vyenye mito na matengenezo, unaulizwa arobaini viko wapi. Basi hapo ndipo wafadhili wenyewe wanapotakiwa kujirekebisha. Waweke fedha kidogo za awali kwa ajili ya kuja kuuliza, na waruhusu bajeti ibadilike baada ya kuuliza. Wahesabu viti vinavyotembea baada ya masika mawili, wasihesabu vilivyoshushwa kwenye lori.

Wakati wenyewe unadai hivyo. Julai 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa, na fedha za nje zinazidi kupungua. Wakati huo huo, katika mkutano wa dunia wa masuala ya ulemavu uliofanyika Berlin Aprili 2025, nchi na mashirika mengi yaliunga mkono Azimio la Amman na Berlin, linaloweka lengo kwamba angalau asilimia 15 ya programu za maendeleo zinazotekelezwa katika nchi ziwe na shabaha ya kuwajumuisha watu wenye ulemavu. Nimefurahi kusikia asilimia hiyo. Natamani kila aliyeiunga mkono aseme pia ni nani atakaa mezani asilimia hiyo ikigawanywa, maana fedha zikiwa chache kiti kimoja kisichofaa ni hasara kubwa zaidi.

Vyama vyetu vya kitaifa, vilivyoungana chini ya SHIVYAWATA, vina kazi ya kusukuma sheria na sera, na kazi hiyo inahitajika. Lakini mradi wa Manzese unahitaji watu wa Manzese. Kiongozi wa taifa na mama wa Midizini, hapa hapa Manzese, wanajua vitu tofauti, na wote wawili waitwe.

Kwa hiyo naiomba halmashauri yetu iweke utaratibu kwamba mradi wowote wa watu wenye ulemavu unaotaka kufanya kazi katika mtaa ulete muhtasari wa kikao cha kamati ya watu wenye ulemavu ya mtaa huo, kilichofanyika kabla ya bajeti kusainiwa, na kwamba bajeti yenyewe isomwe kwa sauti katika mkutano wa wakazi na ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, kwa Kiswahili, na kwa wasioona isomwe tena watakapoomba. Wenyeviti wa mitaa waliochaguliwa Novemba 2024 wana muda wa kutosha wa kuzifufua kamati zilizolala. Maofisa ustawi wa jamii wanazijua. Na ndani ya kila bajeti ziwemo fedha za mkalimani wa lugha ya alama, za nauli ya bajaji kwa wasioweza kupanda daladala, za mtu wa kumshikia mtoto mama akiwa kikaoni, na za matengenezo ya kila kifaa kwa miaka mitatu baada ya mradi kufungwa.

Nawe Mhariri nakuomba jambo. Waandishi wako hufika siku ya kukabidhi, na picha huwa nzuri. Watume tena baada ya mwaka, kwa watu wale wale, waulize kiti kiko wapi.

Huenda wiki hii kuna mtu ofisini anaandika andiko la mradi utakaokuja Manzese au Tandale mwakani. Ndugu yangu, kabla hujajaza safu ya vifaa, fika ofisi ya mtaa uombe kikao na kamati. Safu ya matengenezo iache wazi, mimi na mafundi wenzangu tutakaa nawe tuijaze pamoja. Bei ya tubu, spoki, beringi na kuchomelea tunazijua, na tutakutajia zile za kweli.

Wako msomaji,

Fundi baiskeli,
Manzese, Dar es Salaam